Programu-Jalizi za Ramani: Somo kutoka Mto Mkondoa na Barabara ya Mikumi

Madhumuni ya somo hili ni kumwonyesha mwalimu na mwanafunzi wa shule ya sekondari jinsi programu ndogo ya kuongeza uwezo wa ramani inavyotungwa katika kompyuta, na jinsi ya kupima kama jibu la programu hiyo linafaa kuaminiwa. Mifano yetu miwili imetoka Kilosa na Mikumi, mkoani Morogoro. Si lazima msomaji awe amewahi kutunga programu. Jiometria ya kawaida ya sekondari, subira, na kompyuta moja vinatosha kuanzia.

1. Maswali mawili, jiometria moja

Mji wa Kilosa umejengwa kando ya mto Mkondoa, ambao maji yake huingia katika mto Wami. Mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzoni mwa Januari 2010 mvua kubwa ziliujaza mto huo, ukavunja kingo zake. Nyumba nyingi zilibomoka, maelfu ya wakazi wakahamia katika kambi za muda, na Reli ya Kati ikaharibika kiasi kwamba safari za treni zilisimama kwa miezi kadhaa. Januari 2014 mafuriko yaliikumba tena wilaya hiyo, safari hii upande wa Magole, na barabara ya Morogoro kwenda Dodoma ikakatika karibu na Dumila.

Kusini mwa mji wa Kilosa iko Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964 na yenye eneo la kilomita za mraba 3,230. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Iringa, Mbeya na Zambia hupita ndani ya hifadhi kwa kilomita zipatazo 50. Ijapokuwa mwendo wa magari umewekewa mipaka na matuta yamejengwa, wanyama huendelea kugongwa: swala, nyani, nyati, twiga, na wengineo.

Katika mahali pa kwanza tunauliza: ni nyumba ngapi zilizo karibu na mto? Katika mahali pa pili tunauliza: ni katika kilomita ipi ya barabara wanyama hugongwa zaidi? Kwa macho ya kawaida maswali haya hayahusiani. Kwa mtaalamu wa jiometria, yote mawili yanahusu mstari mmoja na nukta nyingi. Mto ni mstari, na barabara ni mstari. Nyumba ni nukta, na mzoga wa swala ni nukta. Atakayejifunza kuifundisha kompyuta swali la kwanza atakuwa amekaribia sana kulijibu la pili.

2. Programu huria na programu-jalizi

Programu tutakayoitumia inaitwa QGIS. Ilianzishwa mwaka 2002 na Gary Sherman huko Alaska, Marekani, na sasa hutunzwa na watu wa nchi nyingi. Ni programu huria, maana yake ni kwamba kila mtu anaruhusiwa kuitumia bila malipo, kuyasoma maandishi ya ndani yanayoiendesha, kuyabadilisha, na kumgawia mwenziwe. Kazi yake ni kuzionyesha na kuzichambua taarifa za mahali. Taarifa hizo hupangwa kwa matabaka: tabaka la mito, tabaka la barabara, tabaka la nyumba, na kadhalika. Kila tabaka linaweza kuwekwa juu ya jingine.

Hata hivyo, watungaji wa QGIS hawawezi kuyajua maswali yote ya dunia. Kwa sababu hiyo waliacha mahali maalumu pa kuongezea kazi mpya. Mfano mzuri ni trekta. Mwenye kiwanda cha matrekta hajui kama mnunuzi atataka kulima, kusawazisha shamba au kuvuta tela la mkonge. Anachofanya ni kutengeneza sehemu ya nyuma ambayo plau, haro au tela vinaweza kufungwa, kila kimoja kwa wakati wake. Programu-jalizi ni kama plau hilo: haifanyi kazi peke yake, lakini ikifungwa katika programu kubwa huipa uwezo ambao haikuwa nao.

Mfano wa hapa nchini ni mradi wa Ramani Huria, ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015. Tume ya Sayansi na Teknolojia, Benki ya Dunia, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Chuo Kikuu Ardhi, pamoja na wakazi wa kata zenyewe, walichora ramani za mitaa inayofurika. Miongoni mwa zana zao ilikuwamo programu-jalizi ya QGIS iitwayo InaSAFE, iliyokuwa imetungwa Indonesia kwa msaada wa Australia na Benki ya Dunia. InaSAFE huchukua tabaka la janga, mathalani eneo linalofunikwa na maji, ikaliweka juu ya tabaka la watu au majengo, kisha ikatoa makisio ya wangapi wataathirika. Zana iliyotungwa kwa mafuriko ya Jakarta ilifaa Tandale kwa sababu maandishi yake yalikuwa wazi. Agosti 2018 mkutano wa kimataifa wa watungaji na watumiaji wa programu huria za ramani ulifanyika Dar es Salaam.

3. Viungo vya programu-jalizi

Programu-jalizi za QGIS huandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo Python, iliyotungwa na Guido van Rossum na kutolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1991. Programu-jalizi ndogo kabisa ni folda yenye mafaili matatu.

Faili la kwanza, metadata.txt, ni kama cheti cha kuzaliwa. Humo huandikwa jina la programu-jalizi, maelezo mafupi ya kazi yake, namba ya toleo, jina la mtungaji, na toleo la chini kabisa la QGIS linaloweza kuipokea.

Faili la pili, __init__.py, ni mlango. QGIS ikiifungua folda hutafuta humo amri iitwayo classFactory, na kwa amri hiyo huikabidhi programu-jalizi kitu kiitwacho iface. Hicho ndicho kiungo ambacho kwa hicho programu-jalizi inaweza kuigusa QGIS: kuongeza kitufe, kulipata tabaka lililochaguliwa, au kuonyesha ujumbe.

Faili la tatu ndilo lenye kazi yenyewe. Haliwezi kukosa sehemu mbili. Sehemu ya initGui hutekelezwa programu-jalizi inapowashwa. Humo ndimo kitufe kinapowekwa. Sehemu ya unload hutekelezwa inapozimwa. Humo kila kilichoongezwa huondolewa. Wanaoanza husahau sehemu hii ya pili, na matokeo yake ni vitufe visivyofanya kazi kubaki juu ya skrini.

Mwanafunzi hana haja ya kuyaandika mafaili haya kutoka mwanzo. Ipo programu-jalizi iitwayo Plugin Builder ambayo kazi yake ni kuunda mifupa ya programu-jalizi nyingine. Nyama, yaani fikra, hutiwa na mtungaji mwenyewe.

4. Fikra kabla ya amri

Kabla ya kuandika chochote kwa Python, yafaa hatua ziandikwe ubaoni kwa Kiswahili:

(a) Chukua nyumba ya kwanza.
(b) Pima umbali mfupi kuliko wote kutoka nyumba hiyo hadi mtoni.
(c) Ikiwa umbali huo hauzidi kiasi tulichokiweka, ongeza moja katika hesabu.
(d) Nenda nyumba inayofuata, urudie hadi nyumba ziishe.

Hatua hizo zikiisha kueleweka, kuziandika kwa lugha ya kompyuta ni jambo la mistari michache. Majina ya vitu tumeyaandika kwa Kiswahili, kwani Python haijali lugha ya majina. Maneno yake yenyewe tu ndiyo yasiyobadilishwa.

mistari = [k.geometry() for k in mto.getFeatures()]
idadi = 0
for nyumba in nyumba_zote.getFeatures():
    mahali = nyumba.geometry()
    for mstari in mistari:
        if mahali.distance(mstari) <= umbali:
            idadi = idadi + 1
            break

Neno break katika mstari wa mwisho lina maana ya “acha, inatosha”. Katika ramani, mto mmoja mara nyingi huwa umechorwa kwa vipande vingi. Nyumba iliyo karibu na kiungo cha vipande viwili ingehesabiwa mara mbili kama neno hilo lingekosekana. Mwalimu awape wanafunzi nafasi ya kuligundua jambo hili wenyewe kwa kulifuta neno hilo na kuona hesabu inavyopanda.

Mistari hii inaweza kujaribiwa kwanza katika dirisha la amri za Python lililomo ndani ya QGIS, kabla haijaingizwa katika programu-jalizi. Kujaribu kidogo kidogo ni bora kuliko kuandika kurasa tatu na kulitafuta kosa moja ndani yake.

5. Makosa matatu ya umbali

Hapa tumefika katika kiini cha somo. Programu yetu imeandikwa bila kosa la lugha, na kompyuta inaikubali. Pamoja na hayo inaweza kutoa jibu la uongo kwa njia tatu.

Kosa la kwanza. Ramani nyingi zinazopatikana bure, kama zile za OpenStreetMap, hutaja mahali kwa nyuzi za longitudo na latitudo. Kwa mfano, mji wa Kilosa uko karibu na longitudo 36.98 mashariki na latitudo 6.83 kusini. Amri ya distance haijui nyuzi wala mita. Hutoa tofauti ya tarakimu tu. Tukiandika kwamba umbali usizidi 100 tukidhani ni mita, kompyuta itafahamu kuwa ni nyuzi 100. Kwa kuwa uzi mmoja wa latitudo ni kama kilomita 110, kila nyumba ya wilaya nzima itahesabiwa kuwa iko ukingoni mwa Mkondoa. Mita 100 ni sawa na nyuzi 0.0009 hivi tu.

Kosa la pili. Tabaka la nyumba liko katika nyuzi, lakini tabaka la mto liko katika mita za mfumo wa UTM, kanda ya 37 Kusini, ambamo Kilosa hutajwa kwa tarakimu zipatazo 277,000 na 9,244,000. Katika skrini, QGIS huyapatanisha matabaka hayo yenyewe, na mtazamaji huyaona yamekaa sawasawa. Amri ya distance haiyapatanishi. Hulinganisha 36.98 na 277,000 jinsi zilivyo, na jibu lake ni kwamba hakuna hata nyumba moja iliyo karibu na mto.

Makosa haya mawili ni makubwa mno kiasi kwamba mtu mwenye akili timamu atayashuku. Aidha, programu-jalizi yenyewe inaweza kuyazuia. Amri ya crs huuliza mfumo wa vipimo wa tabaka. Amri ya isGeographic huuliza kama mfumo huo ni wa nyuzi. Programu-jalizi iliyotungwa kwa uangalifu huuliza yote mawili kabla ya kuhesabu. Ikikuta nyuzi, au ikikuta mifumo miwili tofauti, husimama na kumweleza mtumiaji ayageuze matabaka yake kwanza.

Kosa la tatu ndilo la kuogopwa. Ramani za karatasi za Tanzania za kipimo cha 1:50,000 zilichorwa kwa kufuata msingi wa vipimo uitwao Arc 1960. Simu na vipokezi vya setilaiti hufuata msingi mwingine, WGS 84. Misingi yote miwili inaweza kuandikwa kwa mita za UTM kanda ya 37 Kusini, na tarakimu zake hufanana kwa macho. Lakini katika nchi yetu mahali pale pale hupishana kwa mita zipatazo 300 baina ya mfumo mmoja na mwingine. Tuseme mwanafunzi amechora Mkondoa kutoka karatasi ya zamani, akalipa tabaka lake jina la WGS 84 kwa kutojua, kisha akaweka nyumba alizozipima kwa simu. Mto utakuwa umehama mita 300 kutoka mahali pake. Programu-jalizi haitasimama, kwa kuwa matabaka yote yanadai kuwa ya mfumo mmoja. Itatoa idadi ya nyumba iliyo ya kawaida kabisa, yenye kuaminika kwa sura, na nyumba hizo zitakuwa si zile zilizo hatarini.

Hakuna amri ya Python inayoweza kuligundua kosa hili. Dawa yake ni mbili. Kwanza, kila tabaka litajwe asili yake kwa namba ya mfumo: 21037 kwa Arc 1960 na 32737 kwa WGS 84, zote kanda ya 37 Kusini. Pili, mtu aende mahali penyewe. Asimame juu ya daraja, asome simu yake, na alinganishe na daraja lililo katika ramani. Mita 300 ni milimita 6 tu katika karatasi ya 1:50,000, lakini ardhini ni mwendo wa dakika nne.

6. Kutoka mtoni kwenda barabarani

Sasa twende Mikumi. Hapa kuhesabu mizoga iliyo karibu na barabara hakuna faida, maana karibu yote iliyoandikwa imeonekana kutoka barabarani. Tunataka kujua kila mzoga uko umbali gani kwa kufuata barabara, tukianzia langoni. QGIS ina amri ya kazi hiyo, lineLocatePoint. Barabara iunganishwe kwanza iwe mstari mmoja, ichorwe kuanzia upande tunaotaka kuanza kuhesabu, na iwe katika mita.

hesabu = {}
for mzoga in mizoga.getFeatures():
    urefu = barabara.lineLocatePoint(mzoga.geometry())
    kilomita = int(urefu / 1000)
    hesabu[kilomita] = hesabu.get(kilomita, 0) + 1

Matokeo ni orodha: kilomita fulani, wanyama kadhaa. Kutokana na orodha hiyo mtu anaweza kuuliza mahali panapofaa kuongezwa tuta au bango. Umbo la programu-jalizi halikubadilika: metadata.txt ni ile ile isipokuwa jina, kitufe ni kile kile, na uchunguzi wa mfumo wa vipimo ni ule ule. Kilichobadilika ni mistari mitano ya fikra.

7. Yaliyo nje ya uwezo wa kompyuta

Maji ya mafuriko hayafuati umbali, hufuata mwinuko. Nyumba iliyo mita 80 kutoka mtoni, juu ya kilima, inaweza kusalimika, na iliyo mita 600, bondeni, ikazama. Kwa hiyo hesabu yetu ya Kilosa ni hatua ya kwanza, si ramani ya mafuriko. Vipimo vya mwinuko vilivyochukuliwa na chombo cha anga cha Marekani mnamo Februari 2000 hupatikana bure, lakini hutoa kimo kimoja kwa kila mita 30 hivi, na kimo hicho kinaweza kukosea kwa mita kadhaa. Maji ya kimo cha mita moja yanatosha kuangusha nyumba ya udongo. Katika jambo hili kumbukumbu za wazee walioona maji yalikofika mwaka 2009 ni data, na zastahili kuwekewa tabaka lake.

Vivyo hivyo Mikumi, kilomita isiyo na mzoga katika orodha si lazima iwe kilomita isiyo na ajali. Huenda fisi na tai waliwahi kabla ya mwandishi kupita, au mnyama alijeruhiwa akafia msituni, au hakuna aliyepita akiandika. Programu huhesabu kilichoandikwa, wala haina njia ya kuhesabu kilichokosekana.

Kuna pia suala la dhamana. Programu huria haina maana kwamba kila taarifa iwe wazi. Ramani ya mahali tembo wanapovukia barabara inaweza kumfaa jangili, na orodha ya nyumba zenye majina ya wenyewe inaweza kumdhuru mwananchi. Maandishi ya programu-jalizi yatolewe kwa wote. Data ya watu na ya wanyama walio hatarini itolewe kwa busara.

Mwisho, programu-jalizi huhitaji mlezi. QGIS ilipofikia toleo la 3.0 mwaka 2018, ilihamia Python ya 3, na programu-jalizi zilizokuwa zimeandikwa kwa mtindo wa zamani zilikoma kufanya kazi hadi zilipoandikwa upya. Zile zisizokuwa na mtu wa kuzitunza ziliachwa. Shule itakayotunga programu-jalizi yake iweke daftari la maelezo, ili kidato kinachofuata kiweze kuiendeleza baada ya watungaji wa kwanza kuhitimu.

8. Mazoezi

1. Chora mto ulionyooka kutoka nukta (0, 0) hadi (1000, 0), vipimo vikiwa mita. Weka nyumba nne: A (100, 40), B (400, 90), C (700, 160), D (900, 240). Ni nyumba ngapi zilizo ndani ya mita 100? Ndani ya mita 200? Hesabu kwanza kwa mkono, kisha kwa programu.

2. Ugawe mto huo katika vipande viwili penye (500, 0), na uongeze nyumba E (500, 30). Kwa umbali wa mita 100, programu itatoa idadi gani ikiwa na neno break? Na ikiwa haina?

3. Mzoga umeonekana mita 12,640 kutoka langoni. Programu ya sehemu ya 6 itauweka katika namba gani ya orodha? Je, hiyo ni kilomita ya ngapi?

4. Tafuta daraja, kanisa au msikiti ulio karibu na shule yenu. Soma mahali pake kwa simu, ulinganishe na karatasi ya 1:50,000. Eleza tofauti mliyoiona.

5. Mjadala: Ni lipi baya zaidi, programu inayosema kila nyumba iko hatarini, inayosema hakuna hata moja, au inayotaja idadi ya kawaida lakini ya nyumba zisizo zenyewe? Toa sababu.

Majibu. Zoezi la 1: mbili, tatu. Zoezi la 2: tatu ikiwa na break, nne bila ya break, kwani E itahesabiwa mara mbili. Zoezi la 3: namba 12, ambayo ni kilomita ya 13, kwa kuwa kompyuta huanza kuhesabu kutoka sifuri.